Namba Saba Imechelewa

Jumanne usiku, chini ya kanisa la Kilutheri mjini La Crosse,
tunakung'uta theluji makotini, tunavaa miwani ya karibu.
Juu yetu kwaya imekwama kwenye ubeti uleule.
Huku chini ni Oktoba, mwaka wa hamsini na tatu,
na itabaki Oktoba,
maana majani ya miti tuliyabandika mekundu
na hakuna mwenye moyo wa kuyabandua.

Saa yetu ya ukutani ina haraka:
dakika moja ya duniani, sita za mezani.
Wenzangu hugombea treni za mizigo.
Mzigo una kazi, husema Lavern: unaacha behewa la makaa,
unaondoka na tupu, unapiga hesabu, unajiona mtu.
Abiria je? Hawapandi, hawashuki,
wamegandishwa makalio kwa gundi.
Basi Namba Saba ni yangu, mabehewa tisa ya rangi ya machungwa,
kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Nilipeleka barua miaka thelathini na moja.
Barua iliyofika hakuna aliyeikumbuka;
iliyopotea, mtu alizikwa nayo kifuani.
Ndiyo maana naipenda treni hii
isiyo na haja nyingine ila kufika saa yake.

Nafungua umeme pole,
kama mtu anayemwamsha mtoto wa jirani.
Viunganishi vinakazana, tik, tik, tik,
mpaka behewa la nyuma linasogea bila kushtuka.
Ufundi wote upo hapo: asimwagikiwe kahawa
yule bwana wa sharubu kwenye behewa la chakula,
kahawa yenyewe tone la rangi.

Arvid Tollefson ndiye aliyewapaka wote,
kwa brashi ya nywele tatu.
Aliwakata miguu ili waenee vitini
na kila aliyemkata alimwomba radhi.
Alituacha mwezi wa pili, ardhi ikiwa ngumu kama reli.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni;
zetu za mezani hurudi zilikoanzia.
Lakini si zote.
Nyuma ya tanuri la kupashia kanisa joto
pana kona kali, waliijenga watu waliowaza mizigo tu,
na mabehewa marefu huilalia kama walevi.
Handaki lilimeza tisa, likatapika manane.

"Namba Saba, uko wapi?" Verna, mezani pa ratiba.
"Nipo. Sipo wote."
Lavern na makaa yake kwenye njia ya kupishana,
anatabasamu, mikono mfukoni.

Nikapiga magoti. Magoti yakalalamika.
Nikatambaa katikati ya nyaya na makopo ya rangi iliyokauka,
nikaingiza kichwa kwenye tundu la mlima,
plasta ikininyeshea shingoni.

Behewa lilikuwa limesimama gizani, taa zote zinawaka.

Miaka yote nimewatazama kutoka juu, kama ndege, kama mwenye deni la kudai.
Sasa nilikuwa usawa wao,
kama mtu aliyesindikiza mgeni akabaki jukwaani.
Dirisha la nne, mama mwenye kofia ya kijani.
Mapajani mwake kitu cheupe, kidogo kuliko punje ya chumvi.
Labda rangi ilimponyoka Arvid.
Labda ni leso.
Lakini mimi bahasha naijua.
Na hii ilikuwa bado haijafunguliwa.

Sijui nilikaa mle muda gani.
Juu, kwaya ilivuka ule ubeti, ikaendelea.

Nikarudisha treni nyuma inchi kwa inchi,
nikalisukuma behewa kwa kidole kimoja.
Tik.

"Dakika ishirini na nne," akasema Verna, kalamu hewani. "Sababu?"
"Barua," nikamwambia.
Akanitazama juu ya miwani, vumbi la mlima nywelani mwangu,
akaandika: kiunganishi.
Hakukosea.